Maji yamepotelea wapi, fedha imepotelea wapi: namna ya kukagua skimu ya maji ya kijiji

Skimu nyingi za maji vijijini zina daftari la mauzo, lakini ni chache zenye daftari la dira (mita ya maji) linaloeleweka. Mwanya mkubwa uko hapo. Fedha ikihesabiwa peke yake, yeyote anaweza kusema mwezi huu mvua ilinyesha, watu walichota kidogo, na hakuna wa kumbishia. Ukiweka lita pembeni ya shilingi, maneno hupungua.

Mwongozo huu ni wa wajumbe wa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii Tanzania, vile vinavyosimamiwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini, kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, pamoja na serikali za vijiji na mwananchi yeyote anayelipia ndoo yake. Vifaa ni daftari, simu yenye kamera, ndoo, futi kamba, mizani ya mazao na mtu wa pili wa kushuhudia. Huyo wa pili usimwache nyumbani. Tarakimu iliyosomwa na mtu mmoja ni neno lake. Iliyosomwa na wawili na kupigwa picha ni ushahidi.

Hesabu ya mwezi

Chagua siku moja ya mwezi, tuseme tarehe 1, saa moja asubuhi kabla vilula (vituo vya kuchotea maji) havijafunguliwa. Someni dira kuu iliyo kwenye bomba linalotoka kisimani, kisha dira ya kila kilula, kisha za majumbani, zote siku hiyohiyo. Dira kuu ikisomwa tarehe 1 na za vilula tarehe 5, hesabu itavurugika na mwizi atajifichia humo. Tarakimu nyeusi ni mita za ujazo, ambazo ndizo uniti. Nyekundu ni sehemu ya uniti. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20.

Chukua mfano. Dira kuu inaonyesha uniti 1,200 zimesukumwa. Vilula vyote kwa pamoja vimesoma 780, majumbani 150. Jumla ni 930, kwa hiyo uniti 270 hazikufika kwenye dira ya mtu yeyote. Hiyo ni asilimia 22.5. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, hutumia asilimia 20 kama ukomo unaokubalika wa upotevu kwa mamlaka za maji, na kwa skimu fupi ya kijiji kimoja hata hiyo ni nyingi.

Sasa geukia fedha. Ndoo ikiuzwa shilingi 30, uniti ni shilingi 1,500. Vilula vilipaswa kuleta 1,170,000. Toa asilimia 20 ya posho ya wahudumu wa vilula kama ndivyo mlivyokubaliana, yaani 234,000, zibaki 936,000. Ongeza 225,000 za majumbani: jumla 1,161,000. Taarifa ya benki inasema zimeingia 910,000. Pengo ni 251,000. Kabla ya kupandisha sauti, toa madeni: kaya zinazodaiwa 45,000 na majina yao yapo. Zinabaki 206,000 zisizo na maelezo.

Angalia kwamba una mapengo mawili na hayana uhusiano wa lazima. Uniti 270 zimepotea kabla ya dira, kwa hiyo mhudumu wa kilula hahusiki nazo, mradi dira yake ni nzima na haijachezewa. Shilingi 206,000 zimepotea baada ya dira, kwa hiyo fundi wa bomba hahusiki nazo. Mikutano mingi ya maji huharibika hapa: watu wanachanganya mapengo haya, wanamfukuza binti wa kilulani, na mwezi unaofuata maji yanapotea vilevile.

Kwenye pengo la fedha, maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba hela ilitumika kabla ya kufika benki. Fundi alilipwa 120,000 mkononi, nauli ya kwenda wilayani, vocha, chakula cha wageni. Huenda ni kweli, ila matumizi ya namna hiyo hayana idhini wala bei ya kulinganisha. Wekeni utaratibu kwamba kila shilingi iingie benki kwanza, ndipo itoke kwa hati yenye saini za watu wawili. Kutoa fedha benki kuna usumbufu wake, na usumbufu huo una kazi.

Kupima usiku

Uniti 270 zimevuja au zimeibwa? Tangi litakuambia. Saa nne usiku, zimeni pampu, fungeni valvu inayoingiza maji tangini, na hakikisheni vilula vimefungwa. Waombeni wenye maji majumbani wafunge koki zao usiku huo. Shusha fimbo yenye alama za sentimita ndani ya tangi, andika kina. Rudia kila saa hadi saa kumi alfajiri.

Tangi la duara lenye kipenyo cha mita 5 lina eneo la mita za mraba 19.6, kwa hiyo kila sentimita inayoshuka ni lita 196. Likishuka sentimita 12 kwa saa sita, zimetoka lita 2,352, karibu lita 390 kwa saa. Kwa mwezi hizo ni uniti kama 280. Mabomba usiku yana presha kubwa kuliko mchana, kwa hiyo mvujo halisi wa mwezi huwa chini kidogo ya hapo, na unakaribia kabisa 270 zako. Huna mwizi, una bomba bovu, na mtu wa kuulizwa ni aliyelaza bomba hilo.

Likishuka sentimita 2 tu, mvujo ni kama uniti 47 kwa mwezi. Uniti 220 na ushei zilizobaki huenda zinatumiwa na mtu, na anazitumia mchana. Ipo hali ya tatu: kina kinashuka kwa kasi saa ya kwanza na ya pili, kisha kinatulia. Mvujo hautulii. Huyo ni mtu anayejaza simtangi lake usiku na kufunga koki likijaa. Ndiyo maana fimbo inasomwa kila saa badala ya mara mbili tu.

Jambo moja la kuondoa kwanza ni tangi kufurika. Kama dira kuu iko kabla ya tangi na mlinzi wa pampu amelala, maji yanayomwagika kwenye bomba la kufurikia yanahesabiwa kama upotevu. Angalia ardhi chini ya bomba hilo. Ikiwa na tope na majani mabichi wakati wa kiangazi, umeshapata sehemu ya jibu.

Kutafuta muunganiko wa wizi, funga valvu za kanda moja baada ya nyingine huku mwenzako akitazama dira ya kutokea tangini. Kanda iliyofungwa na kuifanya dira ipungue ghafla kuliko inavyostahili, tembea kwenye njia ya bomba lake. Kiangazi ni wakati mzuri. Tazama matofali yanafyatuliwa wapi, bustani ya mchicha iko wapi, nani anaosha pikipiki, pombe inapikwa kwa nani. Ukifukua, soma jinsi kazi ilivyofanyika. Bomba lililokatwa kwa msumeno na kufungwa kwa mpira wa baiskeli ni kazi ya mwizi wa kujitegemea. Lililotobolewa vizuri na kufungwa kishikio kipya chenye boliti ni kazi ya mtu mwenye vifaa, anayejua bomba limepita wapi, na pengine kishikio chenyewe kilitoka stoo yenu. Piga picha kabla ya kung'oa, pima kipenyo, andika tarehe, na kishikio hicho kihifadhiwe kwa mtendaji wa kijiji badala ya kurudishwa stoo.

Kilulani

Dira yenyewe inaweza kudanganya. Chukua ndoo, ipime kwenye mizani: ikiwa tupu, kisha na maji. Lita 20 ni kilo 20 za maji. Weka alama ya rangi hapo zinapofikia, kwa sababu ndoo na madumu mengi yanayoitwa ya lita 20 yakijazwa hadi mdomoni hupita hapo. Jaza mara tano hadi kwenye alama, uone dira imesogea lita ngapi. Inatakiwa iwe 100. Ikitofautiana kwa zaidi ya lita 5, rudia koki ikiwa imefunguliwa kidogo tu. Dira zilizochakaa husoma pungufu hasa maji yanapotoka taratibu. Tofauti ikiendelea, dira itolewe ikapimwe au ibadilishwe.

Angalia pia mshale ulio ubavuni mwa dira: uelekee kule maji yanakokwenda. Dira iliyogeuzwa kwa siku kumi kila mwezi hujirudisha nyuma, na karanga zake huonekana zimechubuliwa na spana. Dawa ni lakiri ya waya yenye namba, inayoandikwa daftarini, na ikikatwa inakatwa mbele ya watu wawili. Tazama kama kuna kiungio cha njia tatu kimefichwa kwenye zege kabla ya dira. Jaribio ni rahisi: funga koki iliyo baada ya dira, kisha sikiliza na tazama kama maji yanatoka popote.

Mhudumu asionewe. Maji yanamwagika, watu wanasuuza ndoo, mtoto anaacha koki wazi. Mwachieni asilimia 5 ya kilichosomwa kwenye dira. Kinachozidi hapo alipe mwenyewe. Utaratibu huu wa kumdai mhudumu kwa dira badala ya kwa stakabadhi za ndoo moja moja ni mzuri kuliko zote tunazozijua, lakini una kishawishi kimoja: dira ikifa, anayedaiwa anapumua. Kwa hiyo kubalianeni kwa maandishi kwamba dira isipozunguka, kilula kitadaiwa kwa wastani wa miezi mitatu iliyosoma juu zaidi hadi irekebishwe. Mtashangaa jinsi dira zinavyoacha kufa.

Na mhudumu alipwe kwa wakati. Aliyekaa miezi minne bila posho atajilipa, na kila mtu kijijini atamwelewa.

Dira za malipo ya kabla hupunguza mikono inayogusa fedha, lakini haziwezi kuona maji yaliyochepushwa kabla yake. Hesabu ya mwezi inaendelea kama kawaida.

Umeme, dizeli na vipuri

Kuinua uniti moja ya maji kwa mita 100 kwa pampu ya kawaida ya kuzamisha hula nusu uniti ya umeme wa LUKU au zaidi kidogo. Kwa jenereta ndogo ya dizeli, lita moja huinua takriban uniti 5 za maji kwa kimo hichohicho. Kimo kikiwa mita 50, gawa matumizi kwa mbili. Hizi ni za kukupa mwanga tu. Kipimo cha kuaminika ni cha skimu yako mwenyewe. Kila mwezi gawa uniti za maji kwa lita za dizeli, andika jibu, miezi sita mfululizo. Ikiwa kawaida yenu ni 4.5 na ghafla inakuwa 3, ama pampu imechoka, ama kina cha maji kisimani kimeshuka, ama mafuta yanaishia kwenye pikipiki ya mtu. Pampu iliyochoka hupunguza pia maji yanayotoka kwa saa. Kwa hiyo tazama dira kuu kwa saa moja: maji kwa saa yakiwa yaleyale kama zamani, pampu ni nzima na swali liende kwa anayenunua mafuta.

Vipuri ni eneo la utajiri wa kimyakimya. Kifaa kipya kisitoke stoo bila cha zamani kurudi, hata kama ni koki ya nusu inchi. Pampu ndiyo ghali zaidi, na habari ya "pampu imeungua" huja jioni, pamoja na fundi mwenye pampu nyingine tayari garini. Kabla ya pampu yoyote kushushwa kisimani, pigeni picha kibati chake: namba ya utambulisho, kilowati, kimo cha kuinua, maji kwa saa. Pampu ikipelekwa matengenezo na kurudi, linganisheni kibati na picha. Inayorudi ikiwa na namba tofauti au kilowati pungufu, haishuki.

Wakati wa ujenzi

Fedha kubwa huliwa hapa, na baada ya mtaro kufukiwa hakuna wa kuiona. Ombeni jedwali la gharama na vipimo, michoro na kiasi cha mkataba mapema. Zabuni za umma sasa hupitia NeST, mfumo wa ununuzi wa mtandaoni ulioanza kutumika 2023, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa hadi siku 30 kujibu. Andikeni barua, ipokelewe kwa muhuri kwenye nakala yenu. Ombi la mdomo halina siku 30.

Kwenye mabomba soma maandishi yaliyochapwa kila mita: kipenyo, unene na daraja la presha. Bomba la polietilini la PE100 la milimita 63 daraja PN10 lina unene wa milimita 3.8, la PN6 lina 2.5. Kwa macho yanafanana, na kwenye roli lililokunjwa hakuna anayeshuka kupima. Chukua mizani ya korosho au mahindi. Roli la mita 100 la PN10 lina uzito wa takriban kilo 70. La PN6 halifiki kilo 50. Mkandarasi aliyelipwa PN10 na kuleta PN6 ameokoa theluthi ya plastiki, na nyinyi mtalipa kwa kupasuka kila bomba linaposhuka bondeni, kwa kuwa PN6 hubeba kimo cha maji cha mita 60 tu. Kama tangi liko mita 80 juu ya bonde, bomba liko hatarini kupasuka, na mtaambiwa ng'ombe wamekanyaga.

Kina cha mtaro pima kwa fimbo yenye alama kila mita 50, kabla ya kufukia, na upige picha fimbo ikiwa ndani.

Kisima hulipwa kwa mita, kwa hiyo mita huongezwa. Mtu mmoja asiwe na kazi nyingine siku ya uchorongaji isipokuwa kuhesabu fito zinazoingia. Pima fito moja mwenyewe kwa futi kamba, zidisha. Udongo unaotoka upangwe chini kila baada ya mita 3. Mafungu 30 ni mita 90, haiwi 120. Mabomba ya kuta za kisima nayo yahesabiwe moja moja. Kisha, kabla pampu haijashushwa, teremsheni kamba yenye uzito hadi iguse chini, muipime. Pampu ikishaingia nafasi hiyo imekwisha.

Zege la 1:2:4 linahitaji mifuko kama 6 na nusu ya saruji kwa kila mita ya ujazo. Mfuko mmoja wa kilo 50 unachukua ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto. Mkihesabu mifuko mitupu jioni na kuilinganisha na kilichomwagwa, mtajua. Mifuko mitupu ibaki mikononi mwa mjumbe, maana ikibaki kwa mkandarasi kesho inahesabiwa tena.

Baada ya makabidhiano kuna kipindi cha matazamio, kwa kawaida mwaka mmoja, ambapo sehemu ya fedha ya mkandarasi huzuiwa. Orodha ya kasoro, yenye picha na tarehe, ifike kwa meneja wa RUWASA wilaya kwa barua kabla kipindi hicho hakijaisha. Mkandarasi akishamaliziwa malipo, simu yake haipatikani.

Ukiombwa kitu kidogo

Kwa maunganisho mapya, dai makadirio ya gharama kwa maandishi na namba ya malipo ya serikali. Ukiingiza namba hiyo kwenye simu, jina la mpokeaji litatokea kabla hujathibitisha: liwe la mamlaka au chombo cha maji, lisiwe la mtu. Ukiambiwa "mtandao uko chini, nitumie kwangu", subiri mtandao.

Usitoe ili umnase. Chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 mtoaji naye ana kosa. Mwambie anayekuomba kwamba unatafuta fedha, kisha piga 113 au nenda ofisi ya TAKUKURU ya wilaya. Mtego unawekwa nao, kwa fedha wanazozijua wao. Wapelekee nani aliomba, kiasi, tarehe, mahali, maneno aliyotumia, na ujumbe wa simu kama upo. Usiufute na usiusambaze kwenye kundi la kijiji. Anayemtaka mwanamke kimwili ili amwachie zamu ya maji au amwondolee deni anaangukia kifungu cha 25 cha sheria hiyohiyo, na haijalishi kama hakuna shilingi iliyotajwa. Watoa taarifa wana sheria yao ya ulinzi, ya 2015.

Malalamiko ya bili au huduma mbovu bila harufu ya rushwa yaanzie kwa chombo chenyewe, kisha RUWASA wilaya. Mijini yaanzie kwa mamlaka ya maji, kisha EWURA. Kila hatua kwa barua yenye tarehe, kwa sababu wa juu atauliza kwanza kama ulifika kwa wa chini.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kuitishwa angalau kila miezi mitatu, someni tarakimu bila majina: uniti zilizosukumwa, zilizofika, fedha iliyotarajiwa, iliyoingia benki, na pengo la kila kilula. Bandikeni karatasi hiyohiyo kwenye mbao za matangazo za vilula vyote. Ukitaja jina unaweza kushtakiwa kwa kukashifu. Ukitaja kilula namba 4, watu wanaochota namba 4 watauliza wenyewe. Na karatasi ibandikwe kila mwezi hata pengo likiwa sifuri, ili mwezi ambao haipo uonekane.